Matairi, madaraja na mizani ya mbio

Wengi wakisikia mbio za magari hufikiri moshi, kelele na magari kumi yakisukumana kwenye kona. Mbio walizozipenda watoto wetu hapa Ohio, Marekani, si za namna hiyo. Zaitwa otokrosi. Uwanja mpana wa kuegeshea magari hupangwa koni za plastiki, gari huingia moja moja kwa zamu, likapinda huku na huku kwa muda wa dakika moja hivi, na saa ndiyo hukata hukumu. Ukiangusha koni, waongezewa sekunde 2. Ukikosea njia, mzunguko huo hauhesabiwi. Wanaoshiriki ni wauguzi, mafundi na wanafunzi, na wengi wao huja na gari lile lile la kwendea kazini. Katika klabu ya mji wetu hakuna zawadi ya fedha. Sisi wazazi, tuliotoka Tanga miaka mingi iliyopita, hukaa pembeni na chupa ya chai.

Lakini pasipo fedha za kugombania, ugomvi wa haki upo, na umeingia mpaka mezani kwetu.

Chanzo chake ni chepesi kueleza. Magari hayalingani, basi yafaa yagawanywe. Chama cha SCCA, kilichoasisiwa mwaka 1944, kina kanuni zinazofuatwa na klabu nyingi za nchi hii: kuna madaraja ya magari yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani, ya yale yaliyorekebishwa kidogo, hadi ya yale yasiyofaa tena barabarani. Madaraja ni mengi hata katika klabu ndogo mtu huweza kuwa wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja, kwa kuwa yuko peke yake. Ili watu wa madaraja mbalimbali walinganishwe, kila daraja hupewa namba ya kuzidishia muda. Tuseme dereva mmoja ametumia sekunde 60 na namba yake ni 0.800, atahesabiwa 48. Mwenziwe ametumia 58, namba yake 0.840, atahesabiwa 48.72. Aliyechelewa ndiye mshindi. Mgeni akisikia hivyo hucheka, ila hesabu ina maana yake: la pili ni gari lililotarajiwa kufanya zaidi.

Tatizo kubwa ni matairi. Hakuna kitu kibadilishacho mwendo wa gari katika kona kama mpira unaogusa lami. Mpira laini hung'ang'ania, lakini huisha upesi, na mwenye fedha hununua mwingine. Ndiyo maana madaraja ya magari ya kawaida yalitakiwa kutumia matairi yenye kipimo cha uchakavu kisichopungua 200. Msomaji akitazama ubavu wa tairi la gari lake, huenda akaona neno TREADWEAR na namba kama 400 au 500. Namba ikiwa kubwa, tairi latarajiwa kudumu zaidi. Kasoro yake ni kwamba anayeiandika ni mtengenezaji mwenyewe, baada ya jaribio la barabarani la maili 7,200 na makisio yake juu yake. Sheria ilipoweka mpaka wa 200, viwanda vikatengeneza matairi yaliyoandikwa 200 kamili na yenye unato wa kushangaza, na bei yake nayo ikapanda. Kanuni iliyowekwa kumhifadhi mwenye kipato kidogo ikawa soko jipya.

Mwaka jana viongozi wa klabu yetu, kwa kuwa baadhi ya madaraja yalikuwa na watu wawili tu, walipendekeza kuyaunganisha: wenye matairi laini ya mbio na wenye matairi ya kawaida wawe pamoja, na muda wa hawa wa pili uzidishwe kwa 0.98. Kijana wetu alifurahi, kwani seti moja ya matairi laini ingemgharimu zaidi ya dola 600, naye bado analipa ada ya chuo. Sisi hatukuridhika. Namba ni moja, lakini hali ya hewa si moja. Asubuhi ya baridi tairi la mbio halijapata joto, halishiki. Mvua ikinyesha, tairi lisilo na mifereji huteleza juu ya maji. Siku ya jua kali, asilimia 2 ni kidogo mno. Ni fidia ipi hiyo inayompa mtu asichodai leo na kumnyima anachodai kesho?

Katika Sahihi mbili imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaa mbio za farasi Madina. Waliotayarishwa kwa mbio walianzia Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa, maili tano au sita. Wasiotayarishwa wakaanzia hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, maili moja hivi. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa washindani. Hatutoi fatwa ya matairi. Tunachokitazama ni namna ya mgao: makundi mawili, yanayojulikana kabla ya kuanza, na kila farasi akishindana na aliye kama yeye.

Binti yetu ana hoja iliyo bora kuliko zetu. Kanuni huruhusu watu wawili kushiriki kwa gari moja, naye huendesha ile Miata kuukuu ya kaka yake. Oktoba alimpita kwa sehemu 4 za sekunde: gari lile lile, matairi yale yale, uwanja ule ule. Kaka alidai kwamba yeye alitangulia mpira ukiwa baridi. Mzunguko uliofuata wakabadilishana zamu, akapitwa tena.

"Mimi nataka tairi la aina moja kwa wote," asema binti, "hata liwe baya."

"Na wenye magari mapya?"

"Na wao pia, Baba. Wanunue baya kama sisi."

Klabu itapiga kura mwezi Machi, kabla ya msimu kufunguliwa. Watoto wetu wana kura mbili, na mpaka sasa zinapingana. Dola 600 bado ziko benki.