Nilivyofundishwa Mpira wa Kupinda

Nilikulia pwani ya Tanga, nikauzoeza mkono wangu tangu utotoni kuvurumisha mawe na makombe baharini. Kwa hiyo nilipofika Brooklyn katika ujana wangu, nikakaribishwa na majirani kucheza besiboli kwenye viwanja vya Parade Ground, walinipa kazi ya mrushaji pasipo shauri refu, nami niliishika kwa imani kwamba adhama ya kazi ile ni kasi peke yake, na kwamba mpira ukizipita futi 60 na inchi 6 za kukifikia kibao cha mpigaji kabla hajazungusha gongo, hakuna jambo jingine la kutaka.

Aliyeigeuza imani hiyo, kwa kunifundisha mpira wa kupinda, ni mzee mmoja wa mtaani petu, mtu wa maneno machache na saburi nyingi. Alianza na vidole kabla ya mkono: cha kati kiandamane na mshono, cha shahada kikae ubavuni mwake, dole gumba liwe chini, na wakati wa kuuachilia mpira, kiganja kielekee kichwani kwangu, na mkono ushuke kama wa baharia avutaye henza, ili mpira utoke ukibingirika kwenda mbele. Mshono ule, ambao nyuzi zake nyekundu zimetiwa pacha pacha 108, hushika hewa. Na mpira ubingirikao namna hiyo husukumwa na hewa kwenda chini, zaidi ya vile uzito wake uuvutavyo. Wako waliobishana miaka mingi kwamba kupinda huko ni kiinimacho tu, hata mwaka 1959 Lyman Briggs, mwanasayansi wa Marekani, alipopima akaona kwamba mpira waweza kupinda kadiri ya inchi 17 na nusu.

Walakini kuyajua hayo si kuyaweza. Kwa muda mrefu mpira wangu ulipaa, ukaelea, ukapigwa mbali. Kizuizi hakikuwa vidoleni, kilikuwa moyoni. Kwani mzee alinitaka niulenge begani pa mpigaji, nami kila nilipomwona binadamu amesimama pale, mkono ulisita ukakakamaa. Ilinipasa kwanza niuamini mpira kuwa utafika nisikouelekeza. Jioni moja niliuachilia kwa mkono mlegevu, polepole kuliko desturi yangu. Mpigaji akajikunja kuukwepa, magoti yakamlegea, nao ukashuka ukapita juu ya kibao, halali kabisa. Tangu hapo tamaa ya kasi ilinitoka.

Yasimuliwa kwamba Candy Cummings, ambaye wengi humpa sifa ya kuubuni mpira huu, alipata wazo lake mwaka 1863, akiwa kijana wa papo hapo Brooklyn, kwa kutazama makombe aliyoyarusha ufukweni yakipinda hewani. Nami niliyaona yakipinda Tanga, lakini haikunijia kuuliza sababu.

Mzee yule, kwa kuhofia viwiko vyao, aliwakatalia watoto wote waliomwendea kutaka kufundishwa mpira huo, na kila mara alimtaja mrushaji Sandy Koufax, aliyecheza katika viwanja hivyo hivyo kabla ya kupata fahari yake na timu ya Dodgers, ambaye mwaka 1966, mwenye umri wa miaka 30 tu na sifa zake zikiwa kileleni, aliacha mchezo kwa maradhi ya kiwiko. Sasa besiboli imeingia katika baadhi ya shule za Tanzania. Nawasihi walimu wawafundishe vijana kwanza mpira ulionyooka, na huu wa kupinda wauweke mpaka mifupa ya viwiko vyao ikomae.