Wakanda Ikae Kona Yake

Zamu ya kuandika ni yetu, sisi tunaojitolea kambini upande wa watoto, na tumeamua kuandika kuhusu ule ubishi wa Wakanda. Wengi wenu mliusikia, wengine mliusikia vibaya, kwa hiyo acha tuueleze vile ulikuwa.

Si mnajua tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Tulipewa uwanja, tukaambiwa kila jamii itengeneze kona ya utamaduni wake. Wasudani wakasema watapika kahawa ya jabana. Waethiopia wakaleta habari ya injera. Warundi wakaanza kutafuta ngoma. Wakongo, ambao ni wengi wetu hapa, walikuwa na kinu kimoja, mkeka, vitenge viwili na sufuria ya sombe. Basi. Tukakaa chini ya rakuba hapa New Site, tukatazama hesabu ya miti na turubai, tukaona kona ya Kongo itakuwa ndiyo ya aibu.

Ndipo mmoja wetu akatoa wazo: tujenge geti la Wakanda mbele ya kona ya Kongo. Boksi tunazo, rangi nyeusi na ya fedha tunaweza kununua sokoni, na kila mtoto anajua ile salamu ya kukunja mikono kifuani. Watoto watajaa, wageni watapiga picha, kona yetu itashinda zote.

Tuseme ukweli, wengi tulipenda. Na sababu hazikuwa za kijinga. Ya kwanza, filamu ya Black Panther ilitoka 2018, na kwa watoto wetu wengi ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu mweusi kwenye skrini ambaye ni mfalme, daktari, fundi wa mitambo, wala hasubiri foleni ya mtu. Hilo si jambo dogo. Ya pili, ndani yake yumo Lupita Nyong'o wa Kenya, yumo Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, na baadhi ya picha za kutoka angani zilichukuliwa Uganda. Kwa hiyo huwezi kusema ni ya watu wa mbali kabisa. Ya tatu, mmoja alisema hivi: utamaduni si kinu peke yake. Kama watoto wanaijua Wakanda kuliko hadithi za sungura na fisi, basi Wakanda nayo imeshakuwa utamaduni wao, mtafanya nini?

Tulicheka pia. Baadhi ya ramani za Marvel zinaiweka Wakanda karibu na Ziwa Turkana. Sasa wale kati yetu waliokulia Kakuma, kaunti hiyo hiyo ya Turkana, wakauliza: kwani tulikaa jirani na Wakanda miaka yote hiyo na hatukuambiwa? Sisi tuliona vumbi na foleni ya maji tu. Labda kile chuma chao cha vibranium kilikuwa chini ya bomba la maji!

Mama mmoja kutoka Djugu, kule Ituri, alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Yeye ndiye mwenye kinu. Tukamweleza Wakanda ni nini: nchi tajiri, ina chuma cha ajabu chini ya ardhi, imejificha, hakuna mtu amewahi kuiingilia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanangu, kwetu pia kuna kitu chini ya ardhi. Ni dhahabu. Lakini sisi hatukuweza kujificha." Hakusema zaidi. Akainuka akaenda kuosha sufuria.

Hapo kicheko kiliisha. Hatukuacha wazo, lakini hatukulipenda tena kama mwanzo.

Usiku tukamuuliza ndugu wa mmoja wetu, ambaye alipata nafasi ya kuhamia Marekani na sasa anakaa Florida. Kule kuna mabustani makubwa ya burudani ya Disney, na jambo tulilokuwa tunabishania huku kwa boksi, wao wamelifanya kwa pesa nyingi. Akatutumia picha na sauti ndefu ndefu. Tuliyoyapata, mengine kwake, mengine kwa kusoma wenyewe, ni haya.

Kuna bustani inaitwa Epcot, ilifunguliwa 1982. Ndani yake kuna sehemu ya mataifa 11, kila nchi na banda lake, majengo yake, chakula chake. Kutoka Afrika nzima ipo Moroko peke yake. Banda la Afrika ya ikweta lilitangazwa mwanzoni lakini halikujengwa. Katika banda la Norway, tangu 1988, watu walikuwa wanapanda mashua inayowapitisha kwenye mambo ya Norway: Wavikingi, mazimwi ya hadithi zao za zamani, bahari yenye dhoruba, visima vya mafuta. Mwaka 2014 mashua ile ikafungwa, na 2016 ikafunguliwa tena ikiwa ya filamu ya Frozen. Sasa mgeni akipanda anaiona Arendelle, nchi ambayo haipo. Ufaransa nayo, mwaka 2021, ikaongezewa mchezo wa panya mpishi wa filamu ya Ratatouille.

Mpaka leo watu wanabishana juu ya hilo. Wengine wanasema watoto walikuwa wanapita banda la Norway bila kusimama, na sasa wanapanga foleni. Wengine wanasema umekuja kuiona Norway, umeonyeshwa katuni.

Sisi tuliposoma hayo tulifikiri jambo moja. Mtoto wa Norway hapotezi kitu hapo. Akitoka Florida anapanda ndege anarudi kwao, anaikuta Norway mahali pake, na mafuta yake na bendera yake. Frozen haiwezi kuifuta. Hata Mmarekani akitaka kujua ukweli, Norway imejaa kwenye vitabu, michezo na habari. Hadithi imewekwa juu ya kitu kinachojulikana, kwa hiyo haikifuniki chote.

Je, sisi?

Katika bustani nyingine ya Disney, Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998, kuna eneo linaitwa Africa. Ndani yake kuna mji wa kubuni wa Harambe. Jina ni la Kiswahili, la kuitana kufanya kazi pamoja, ila wameondoa e moja. Majengo yake yamefuata sura ya Lamu. Ndugu yetu alituambia alisoma kibao kimeandikwa Tamu Tamu, akacheka peke yake mpaka watu wakamtazama. Alifurahi, tusiseme uongo. Alisikia nyumbani kidogo. Lakini akasema mtoto wake akamuuliza, "Baba, Harambe ndiyo kwetu?" Akashindwa aanzie wapi. Lamu yenyewe ipo Kenya, ina watu, imeandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Ila pale jina lililo getini ni Harambe. Na tangu 2014 onyesho la filamu ya Lion King liko hapo hapo Harambe, kwa hiyo Simba na Rafiki na ule mji wote vimekuwa kitu kimoja.

Hata "hakuna matata" imeenda hivyo. Disney waliisajili Marekani kama alama yao ya biashara kwa fulana, na mwaka 2018 watu wengi walisaini kupinga. Kwa wageni ni maneno ya furaha. Kwa wengi wetu wa Kongo, "matata" ni neno la usiku ule jirani anapogonga mlango anasema kuna matata, amkeni.

Hata hivyo bado tulikuwa hatujaamua. Aliyetuamulia ni mtoto.

Siku mbili kabla ya sherehe tulikuwa kambini tunafunga miti. Yule mama wa Djugu alikuwa anawaeleza wajukuu wake vile nyumba ya kwao ilikuwa: mlango ulitazama wapi, kijito kilipita wapi, mti wa parachichi ulikuwa upande gani. Mjukuu mmoja, kama miaka minane hivi, aliyezaliwa akiwa nje ya Kongo, akamkatiza. Kwa Kiswahili chake kilichochanganywa na Kiarabu cha Juba akauliza, "Nyanya, Djugu ni ya kweli, ama ni ya filamu kama Wakanda?"

Hakuwa anatania. Alitaka kujua tu.

Mfikirie mtoto huyo. Djugu hajaiona. Wakanda ameiona, kwenye simu, ina rangi, ina muziki, ina ndege zinazoruka. Djugu anaisikia kwa mdomo wa bibi mzee, jioni, bila picha hata moja. Ukiziweka mbili hizi ndani ya geti moja, ipi itashinda? Wakanda itashinda kabla hatujamaliza kupaka rangi. Na akiambiwa siku moja kwamba Wakanda haipo, si ataona na Djugu pia ilikuwa maneno ya wazee?

Hapo ndipo tulipoona tofauti yetu na Norway. Wao kona yao ni kumbukumbu ya mahali ambapo mtu anaweza kwenda. Sisi kona yetu, kwa watoto wengine, ndiyo mahali penyewe. Hakuna pengine watakapoipata kwa sasa.

Sasa msituelewe vibaya. Hatusemi kona ya utamaduni ni ukweli mtupu. Waliofika Bomas of Kenya, pale Langata Nairobi, iliyoanzishwa 1971, wameona nyumba za makabila zimejengwa vizuri lakini hakuna anayelala humo, na wachezaji wanacheza ngoma za makabila ambayo si yao. Dar es Salaam pia kuna Makumbusho ya Kijiji, nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania zimepangwa kwenye uwanja mmoja. Ni maonyesho, si kijiji. Hata kinu chetu kilinunuliwa hapa hapa Juba, hakikutoka Ituri. Lakini kule kila nyumba ina jina la watu wake, na watu hao wapo. Ukiuliza njia ya kufika kwao utaelekezwa.

Wala hatusemi filamu ni adui. Jibu tulilipata kule kule Animal Kingdom. Mwaka 2017 walifungua eneo la Pandora, la filamu ya Avatar. Hawakuliweka ndani ya Afrika wala ndani ya Asia. Walilipa eneo lake. Ukiingia unajua umeingia kwenye hadithi, unafurahi, unatoka. Hakuna mtu atakayeuliza kama watu wa buluu wanatoka Kongo.

Basi tukafanya hivyo hivyo, kwa bajeti ya boksi. Geti la Wakanda tukalijenga karibu na mlango wa uwanja, mbali na kona zote, juu yake tukaandika kwa herufi kubwa: HADITHI. Aliyeleta wazo ndiye aliyesimamia, na aliifanya kazi vizuri kweli. Watoto walijaa, salamu za Wakanda zikapigwa mpaka mikono ikachoka. Hatukumnyima mtoto yeyote mfalme wake.

Kwenye kona ya Kongo tuliweka kinu, mkeka na sombe. Halafu tukaongeza kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye mpango. Tulifungua ramani kwenye simu, tukaikuza, tukachora kwa makaa kwenye boksi kubwa: Juba hapa, mpaka hapa, Bunia hapa, Djugu hapa. Kila mzee aliyepita tukamwomba aonyeshe kwao na aseme jina la kijiji, tukaliandika. Boksi lilijaa, tukaongeza la pili. Wazee wawili waligombana kuhusu njia ya mkato kati ya vijiji viwili, na watoto walisimama wakiwatazama midomo wazi. Filamu haikuwahi kuwashika hivyo. Watu hawagombanii njia ya mahali ambapo hapapo, na watoto waliliona hilo bila sisi kuwaeleza.

Yule mjukuu alikaa mbele ya boksi muda mrefu. Akaweka kidole Juba, akakivuta mpaka Djugu. Akauliza, "Kwa hiyo mtu anaweza kwenda kwa miguu?"

Nyanya yake akamjibu, "Sisi tulikuja kwa miguu."

Mawazo yetu ndiyo hayo. Filamu ije, ikaribishwe, ipewe kona yake na jina lake liandikwe juu. Isivikwe jina la watu ambao hawana pengine pa kuonekana. Maboksi yale mawili bado tunayo hapa New Site, chini ya rakuba, tumeyafunika turubai kwa sababu ya mvua. Kama mzazi wako au nyanya yako hajaandika kijiji chake, mlete. Makaa yapo.

Na wale ambao bado mnasema geti lingekaa kona ya Kongo, semeni. Tutasoma zote.