Jela, Soba au Methadoni: Njia Tatu Zilizopita Mlangoni Kwetu



Wiki hii tunaweka pembeni mashela na hina. Tunazungumzia unga, kwa sababu nyumba nyingi hapa Unguja zimeguswa, na maharusi tunaowashonea wana kaka, baba mdogo au binamu aliyepitia huko. Mtu akisimama kupimwa nguo husema mengi. Swali ambalo mama wa bibi harusi hutuuliza kwa sauti ya chini ni hili: "Kijana aliyeleta posa anakwenda kunywa dawa Kidongo Chekundu kila siku. Tumkubalie?"

Sisi ni dada watatu, tunashona na kukodisha nguo za harusi, na swali hilo limo ndani mwetu. Kaka yetu mkubwa alitumia heroini miaka tisa. Alifungwa, akapelekwa soba, na sasa ni mwaka wa tatu yumo kwenye methadoni. Njia zote tatu tumezionja, kwa hiyo tuseme tulichokiona.

Jela

Kaka alipokamatwa na kete mbili, mtaa ulishangilia. Hata mama alilala usingizi wa kwanza baada ya muda mrefu, maana pasi, mitungi ya gesi na vitambaa vya wateja vilikuwa havikai ndani. Akakaa miezi minane, akatoka amenenepa, na haikupita wiki akarudi maskani.

Hapa pana jambo ambalo kila mama alijue. Mtu akikaa miezi bila unga, mwili wake husahau kuuhimili. Akitoka na kutumia kipimo chake cha zamani, kipimo kile kile humuua. Kijana wa jirani yetu alizikwa siku ya nne baada ya kuachiwa. Hakuwa amezidisha kwa hesabu yake, mwili ndio uliobadilika.

Hatusemi wauzaji waachwe. Heroini inayotufikia hutoka Afghanistan, hupita pwani ya Iran na Pakistan, ikavuka bahari kwa majahazi. Mwenye mzigo ule akamatwe na afungwe. Sheria ya mwaka 2021 imeunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar, na tunaiombea nguvu baharini na bandarini. Lakini aliyekutwa na kete mbili mfukoni ni mgonjwa wa mwisho kwenye mnyororo huo. Ureno tangu mwaka 2001 humpeleka mtu wa namna hii mbele ya kamati inayomwelekeza kwenye matibabu, na muuzaji bado anafungwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na serikali inaweza kuyatenganisha.

Soba

Soba tuliipenda. Nyumba hizi huendeshwa zaidi na waliowahi kutumia, kwa mpango wa hatua 12. Mle hakuna kumdanganya mtu: anayekuongoza amekwishapita kwenye arosto, anayajua maumivu ya mifupa, kuharisha na kukosa usingizi. Kaka alijifunza tena kuamka, kufua, kuswali kwa wakati na kukaa na watu bila kuwaibia. Tuliuza ovaloki yetu kulipia miezi minne.

Alipotoka alikaa safi miezi saba, kisha akaanguka. Wapo waliosimama moja kwa moja, tunamjua fundi seremala ambaye soba ilimtosha, na sasa anaajiri vijana. Lakini wapo wengi ambao familia hulipa mwezi mmoja, pesa ikaisha, wakamtoa kabla hajapona. Na hatari tuliyoitaja ya anayetoka jela ndiyo ya anayetoka soba. Tunachokitaka kwa viongozi wetu ni hiki: wasaidie kulipia wasio na uwezo, wazikague nyumba zote, na anayetoka asiachwe mlangoni bila mtu wa kumfuatilia.

Methadoni

Tanzania Bara ilianza tiba hii Muhimbili mwaka 2011, na sisi Zanzibar tukaipata Kidongo Chekundu mwaka 2015. Ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku. Nayo iko katika jamii moja na heroini, ndiyo maana huizima arosto, ila inakaa mwilini siku nzima na polepole. Aliyepangiwa kipimo sahihi halewi, hasinzii barabarani, hatafuti pesa ya kete saa tisa usiku.

Faida nyingine ni ya damu. Utafiti uliofanyika Zanzibar mwaka 2012 ulikuta zaidi ya mtu 1 kati ya 10 wanaojidunga ana virusi vya UKIMWI, wakati kwa watu wote wa visiwani hawafiki hata 1 kati ya 100. Wanaojidunga wana wake, na wake wana watoto. Asiyejidunga leo amewakinga watu asiowajua.

Kwetu nyumbani, pasi ipo mezani. Kaka hutoka kunywa dawa, akirudi anapokea vitambaa, anatupelekea oda kwa wateja. Mama ameacha kulala na ufunguo shingoni.

"Si ulevi mwingine huo?"

Hili tunaambiwa sana, na mara nyingi na watu wema. Sisi ni mafundi cherehani, hatutoi fatwa, waulizeni masheikh wenu. Tunakumbusha mambo mawili tu tuliyofundishwa chuoni tangu udogoni. Kwanza, pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Tulisomeshwa hatua zake katika Suratul Baqara, An-Nisaa, kisha Al-Maida. Muumba anamjua aliyemuumba. Pili, katika Sahihi Bukhari yumo mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa ulevi, akaadhibiwa, na mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume (s.a.w.) alikataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu ilikuwepo, laana ikakatazwa.

Na nchi za Kiislamu hazikuikimbia tiba hii. Iran huitoa hata magerezani. Malaysia iliianza mwaka 2005, na baadaye pale Kuala Lumpur ikafika mpaka Masjid Ar-Rahman, mgonjwa akapata dawa na mawaidha mahali pamoja. Tunapowaza msikiti wa kwetu ukifanya hivyo, moyo unatujaa.

Tusiifiche na hatari yake. Methadoni ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi huua. Na ni tiba ya miaka, si ya mwezi. Atakayemlazimisha mgonjwa aikate haraka ili familia ionekane safi, anamrudisha maskani.

Kinachotuuma

Kwanza ni umbali. Kwenda kunywa dawa kila siku kwa anayetoka Nungwi au Makunduchi ni nauli na nusu siku, na mwenye kibarua ataajiriwa na nani? Nchi nyingine humpa mgonjwa aliyetulia dozi za kwenda nazo nyumbani. Tunajua dozi inaweza kuuzwa, au mtoto akainywa, kwa hiyo iwe kwa aliyethibitika na mwenye mahali pa kufungia. Au dawa imfuate kwenye vituo vya afya vya shamba.

Pili ni wanawake. Kaka akiwa teja, mtaa husema amepotea. Dada akiwa teja, husemwa neno ambalo hatuliandiki hapa. Kwa hiyo hujificha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Akiwa mjamzito mambo ni mazito zaidi: kuacha heroini ghafla kunaweza kumdhuru mtoto tumboni, na methadoni chini ya daktari ndiyo tiba inayopendekezwa. Anahitaji saa zake, muuguzi mwanamke, na mlango asiopita mbele ya vijana wa maskani.

Wakituuliza serikali ianze wapi, tutasema: ianze na kinachomweka mtu hai mpaka kesho. Maiti hatubu wala haoi. Kwa wengi wa waliozama sana, hiyo ni methadoni, kisha soba imfundishe kuishi. Jela ibaki kwa wenye mizigo.

Kwa bibi harusi

Sasa turudi kwa posa. Kijana aliyekwambia mwenyewe kwamba anatumia methadoni amekupa amana, na hiyo peke yake ni dalili njema. Muulize ana muda gani kwenye tiba, anakosa siku ngapi kwa mwezi, anachanganya na kitu kingine au la. Omba mpime damu wote wawili. Walii wako na azungumze na watu wake waziwazi. Ukiridhika, olewa bila kuinamisha kichwa. Usiporidhika, kataa kwa staha na siri yake ibaki kwako.

Lakini anayekuficha, ukaja kujua kwa jirani, huyo muogope kwa kule kuficha, hata kama anachoficha ni dawa ya hospitali.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira mama zao, na awape viongozi wetu ujasiri wa kuwaona kuwa ni wagonjwa. Amin. Tuandikieni, mashoga: kwenu ni njia ipi iliyofaa?