Simba, Faru, Tembo

Darasa letu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi ya serikali, zamani stoo ya majembe. Nilipangiwa pale nikitokea Chuo cha Ualimu Patandi. Wanafunzi walikuwa 9. Mdogo wao alikuwa na miaka 16. Mkubwa alikuwa na 23, kanizidi urefu, na ndevu zake alinyolewa na mama yake kila Jumapili. Kwenye daftari la mahudhurio waliandikwa wenye mtindio wa ubongo. Siku hizi tunaandika ulemavu wa akili.

Nilianza na a, e, i, o, u. Watu wazima wale wakaimba irabu pamoja nami muhula mzima, kwa utii ulioniumiza. Mama wa yule kijana mkubwa akaniuliza, "Mwalimu, watoto niliowazaa baada yake wameshamaliza la saba. Huyu anamaliza lini?" Sikuwa na jibu.

Siku moja nilimtuma kijana huyo dukani kununua kiberiti. Nilimpa noti ya 10,000. Sikuwa na ndogo. Alirudi na kiberiti, anatabasamu, chenji hakuna. Usiku ule nililia. Kesho yake niliweka ubao pembeni, nikatandaza hela mezani.

Tarakimu hawakuzijua, ila wanyama waliwajua. Simba, 2,000. Faru, 5,000. Tembo, 10,000. Ya bluu yenye Mwalimu Nyerere, 1,000. Ya kijani yenye Mzee Karume, 500. Tukacheza duka asubuhi baada ya asubuhi. Mwalimu mkuu akatupa kipande cha ardhi karibu na bomba, tukapanda mchicha, na duka la mchezo likawa genge la kweli getini. Kijana wangu alichukua karibu miaka mitatu kuzishika noti zote.

Halafu, mwaka 2014, ikaja sarafu ya 500. Mteja akampa, akaikataa. "Mia tano ni kijani," alisema, akarudia, akarudia, mpaka watu wakaanza kucheka naye akakimbilia darasani. Alikuwa sahihi kwa yote niliyomfundisha. Tuliweka sarafu chini ya karatasi tukasugua penseli juu yake, polepole, hadi nyati akatokea na pembe zake. Akaicheka karatasi ile. Alilala nayo mfukoni kwa wiki nzima, mama yake aliniambia.

Siku hizi ratiba yangu haina irabu, isipokuwa kwa anayeziomba. Ina maji, jembe, sabuni, nauli, na namna ya kumwambia mteja subiri.

Mwezi uliopita nilipita sokoni. Kijana, sasa mtu mzima mwenye ndevu anazonyoa mwenyewe, alikuwa nyuma ya mafungu ya mchicha. Mama yake alikuwa kando akichambua dagaa, hata hakugeuka kutazama. Nilichukua fungu la 500, nikampa simba. Aliigeuza noti, akaingiza mkono mfukoni, akaniwekea kiganjani nyati mmoja, wa pili, wa tatu.