Kila Mfumo na Sikio Lake

Wazo la mwanasosholojia Niklas Luhmann linalowaudhi wengi ni kwamba jamii haijengwi na watu, inajengwa na mawasiliano. Binadamu, na mwili wake na fikra zake, yumo katika mazingira ya jamii tu. Kwa sisi tuliolelewa tukiambiwa mtu ni watu, wazo hilo lina ukatili. Mimi limenifariji.

Luhmann alikuwa mwanasheria na mtumishi wa serikali Ujerumani kabla ya kwenda Harvard mwaka 1960 kusoma kwa Talcott Parsons, bingwa wa uamilifu. Parsons aliuliza kila sehemu inachangia nini ili jamii isimame. Luhmann akauliza mfumo unajitengaje na vilivyo nje yake. Wanabiolojia wawili wa Chile, Humberto Maturana na Francisco Varela, walikuwa wameeleza jinsi seli inavyojizalisha yenyewe; katika kitabu chake cha 1984, Soziale Systeme, Luhmann akalihamishia wazo hilo kwenye jamii. Malipo huzaa malipo, hukumu huzaa hukumu. Kila mfumo husikia lugha yake tu: mahakama husikia halali na kisicho halali. Uchumi husikia kulipa na kutolipa.

Tulipofuatilia mirathi ya baba niliyaona hayo kwa macho. Mahakama ilitaka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, benki ikataka barua ya usimamizi. Mama alitaka mtu wa kumsimulia habari za mumewe, na katika kila dirisha makarani, tena wapole, walimwomba nakala nyingine. Sikuwachukia. Majonzi hayana nafasi kwenye fomu, na tangu hapo sitegemei ofisi yoyote inijue mimi mzima. Hiyo ni kazi ya waliokesha nasi msibani.

Ila faraja hiyo ina mpaka, na Luhmann mwenyewe aliuona. Katika miaka ya 1990, akiwa ameiona mitaa ya mabanda (favela) ya Amerika Kusini, aliandika juu ya waliotengwa: asiye na kitambulisho hapati kazi rasmi, hapigi kura, hana ndoa inayotambulika. Mlango mmoja ukifungwa, mingine nayo hufungwa. Napenda nadharia yake ianzie hapo. Mama alikuwa na cheti cha ndoa. Jirani yetu aliyefiwa baadaye hakuwa nacho. Ndugu wa mumewe wakapendekeza msimamizi wao, mahakama ikamthibitisha, benki ikamlipa huyo.