Maji Mafu, Bamvua na Mawimbi ya Chini

Bamvua na maji mafu ni maneno mawili ambayo pengine nisingeyajua kama nisingekuja Dar es Salaam kusoma Kiswahili. Mimi ni mwenyeji wa Beira, mji wa bandari katikati ya pwani ya Msumbiji. Nyumbani tunasema Kisena, shuleni tulifundishwa kwa Kireno. Mwalimu wetu alieleza kwamba bamvua ni siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, bahari inapojaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku za nusu mwezi, inapojaa kidogo na kupwa kidogo. Wenzangu kutoka Burundi na Uganda waliandika maana hizo daftarini wakaendelea na somo. Mimi nilianza kuhesabu siku.

Kimbunga Idai kilitua Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Nilitafuta kalenda ya mwezi ya mwaka ule. Tarehe 14 mwezi ulikuwa nusu. Yalikuwa maji mafu. Kwetu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita 6, na sehemu kubwa ya mji iko chini sana, karibu sawa na bahari yenyewe. Mwezi mpevu ulifika usiku wa tarehe 20, siku 6 tu baadaye. Watu zaidi ya 600 walikufa nchini mwetu kwa upepo na mafuriko yale. Kama kimbunga kingechelewa siku hizo 6, bahari ingeweza kuingia mjini ikiwa juu zaidi, na mtaa wa Praia Nova, anakoishi mjomba wangu mvuvi, ndio ungekuwa wa kwanza kuipokea. Sithubutu kukadiria hesabu yake.

Mjomba ndiye aliyenitia katika habari ya mawimbi ya chini. Nilipokwenda likizo aliniuliza swali ambalo anasema limemkaa tangu wakati ule: upepo wenye nguvu ya kung'oa mapaa ya mji mzima ukipita juu ya bahari, nguvu ile huishia wapi? Mawimbi ya juu hutulia baada ya siku chache. Je, imekwisha? Nimesoma kiasi nilichoweza, na jibu fupi ni kwamba sehemu yake huzama.

Chukua chupa, tia maji nusu, kisha mafuta ya kula. Ilaze polepole upande mmoja halafu mwingine. Utaona wimbi kubwa na zito likienda kwenye mpaka wa mafuta na maji, huku juu ya mafuta pakiwa karibu shwari. Bahari ni hivyo hivyo. Maji ya juu ni ya vuguvugu na mepesi, ya chini ni ya baridi na mazito, na mahali yanapokutana huweza kupita mawimbi ambayo aliye ndani ya ngalawa hayaoni. Kwa kuwa tofauti ya uzito wa maji hayo mawili ni ndogo, wimbi la chini halihitaji nguvu nyingi ili lipande, wala halina haraka ya kushuka. Katika Bahari ya Kusini ya China yamepimwa mawimbi ya namna hii yenye kimo cha zaidi ya mita 200. Jengo la ghorofa 50 lingefunikwa, na juu yake meli ingepita bila nahodha kushtuka.

Kimbunga huyazalisha kwa njia yake. Kinasukuma maji ya juu, kinapita, na maji hubaki yakizunguka kwa sababu dunia nayo inazunguka. Kwenye latitudo ya Beira duara moja huchukua takriban saa 35. Hapa Dar es Salaam, karibu zaidi na Ikweta, lingechukua zaidi ya siku 4. Mzunguko huo huutikisa mpaka wa maji mepesi na mazito, na mawimbi huanza kusafiri kwenda mbali na kwenda chini.

Lakini hayasafiri katika bahari tupu, na hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji, kati yetu na Madagaska, hupita mizunguko mikubwa ya maji, yenye upana wa kilomita 300 au zaidi, takriban minne au mitano kwa mwaka, ikiteremka polepole kuelekea kusini. Usifikirie shimo la maji la kumeza mashua. Ni gurudumu pana ambalo ukiwa ndani yake hulijui, ila utaona tu umepelekwa. Ndege aina ya freguti wa kisiwa cha Europa huzifuata kingo za mizunguko hiyo kutafuta chakula, kwa hiyo wao wanaijua kuliko sisi.

Gurudumu lenye maji ya joto ndani huyafanyia mawimbi ya kimbunga jambo la ajabu. Mwendo wake huruhusu ndani yake mawimbi ya polepole kidogo kuliko yale yanayoweza kuishi nje. Wimbi la namna hiyo likifika ukingoni halina pa kwenda, hurudishwa ndani. Njia iliyobaki ni ya kwenda chini, kama maji ya karai yanavyoutafuta mlango wa bomba. Eric Kunze, mwanasayansi wa Marekani, alilieleza hilo kwa hesabu katika makala yake ya mwaka 1985, na vipimo vya baharini vimelithibitisha baadaye. Huko chini mawimbi husongamana, huvunjika, na kuchanganya maji ya juu na ya chini. Kwa hiyo, mjomba, nguvu ile haikuisha siku jua lilipotoka.

Mwezi nao una mawimbi yake ya chini. Maji ya bamvua yanapovuka ukingo wa kina kifupi cha Sofala, kule kamba wanakovuliwa, husukuma tabaka za maji huku na huku, na picha za rada za setilaiti zimeonyesha mistari ya mawimbi yanayozaliwa pale. Mwanzoni hutii saa za mwezi. Yakikutana na gurudumu hupindwa, mengine hucheleweshwa, mengine hutawanywa, mpaka mbali na pwani hayana tena miadi na mwezi. Ndiyo sababu jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya Beira huweza kuchapishwa mwaka mzima kabla, lakini jedwali la mawimbi ya chini haliwezi kuandikwa hivyo. Ni lazima kwanza ujue magurudumu yako wapi wiki hii.

Desemba 2022 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti iitwayo SWOT, inayopima kimo cha uso wa bahari kwa sentimita. Gurudumu huinua uso kidogo, wimbi la chini nalo huuinua kidogo, na kazi ngumu ya wataalamu sasa ni kutenganisha alama za kimoja na za kingine. Nilimweleza mjomba haya yote kwa Kisena, nikichomeka bamvua na maji mafu palipohitajika, na maneno hayo ameyapenda. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama setilaiti hiyo inawaona kamba. Nikamwambia haiwaoni.