Askofu wa Magofu

Hebu fikiria unapewa cheo kikubwa, halafu unaambiwa mji wako ni ule uliokufa karne nyingi kabla hujazaliwa. Hayo ndiyo yaliyompata Henrique wa Kongo.

Babake, Mfalme Afonso wa Kwanza, alitawala kutoka Mbanza Kongo, mji ambao leo uko Angola. Alimtuma kijana wake Ureno, akasoma Lisbon, akawa padri. Mwaka 1518 Papa Leo wa Kumi akamteua askofu, ingawa hakuwa amefikisha umri unaotakiwa na sheria za Kanisa. Mwafrika mweusi, askofu, miaka 500 iliyopita! Ningesimuliwa haya nikiwa shule ya msingi, ningetembea kifua mbele wiki nzima.

Lakini askofu wa wapi? Wa Utica. Utica ilikuwa magofu matupu, katika Tunisia ya leo. Kanisa lina desturi hiyo: askofu asiye na jimbo hupewa jina la jimbo lililokufa. Jimbo la Kongo halikuwapo, na hakuna aliyemwundia. Kikazi aliandikwa msaidizi wa askofu wa Funchal, kisiwani Madeira.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokosekana. Mpaka leo, kwenye harusi na matanga, shangazi hunitambulisha: "Huyu ndiye wakili wetu." Watu wananipa mkono kwa heshima, kisha wananiuliza habari za kesi za mashamba. Kwa hivyo Utica naijua kidogo. Jina lako linakaa huko, wewe mwenyewe huna pa kuingilia. Ila Henrique, bana, alikuwa amemaliza masomo. Alitimiza kila alichoambiwa.

Alirudi Kongo mwaka 1521. Biashara ya watumwa ilikuwa inaimeza nchi. Mwaka 1526 babake alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanateka watu kila siku, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Henrique akafariki mwanzoni mwa miaka ya 1530, bado ni askofu wa Utica. Mwaka 1534 Kongo ikawekwa chini ya jimbo jipya la São Tomé, kisiwa kilichojaa watumwa. Na Kongo ilipopata jimbo lake hatimaye, mwaka 1596, askofu wa kwanza alikuwa Mreno.

Tarehe 29 Oktoba 1939, jirani yetu Joseph Kiwanuka wa Uganda aliwekwa wakfu kule Roma, akakabidhiwa Masaka: parokia zenye watu, na mapadri wazalendo wa kufanya nao kazi. Piga hesabu. Kutoka 1518 mpaka 1939 ni miaka 421.

Tunapenda sana kusherehekea "Mwafrika wa kwanza" kufanya hiki na kile. Sawa, tupige vigelegele. Lakini siku hizi nikisikia hivyo, nauliza mambo mawili tu: amepewa nini cha kuongoza, na wa pili anakuja lini?